Mwaka Niliokula Kwanza

Sanyu alinipigia simu asubuhi nikiwa jikoni kazini, nikigombana na mwuza nyama aliyeniletea mifupa mitupu. Hakunisalimu. Waganda husalimiana mpaka chai inapoa, kwa hiyo Sanyu asiposalimu ujue kuna msiba. "Japheth ametuacha," alisema. "Usingizini, hapa Mbale. Ijumaa tunamleta kwao Kitale, na wewe utapikia waombolezaji." Hakuwa ananiuliza. Nilimwambia mwuza nyama aweke mifupa yake chini aende zake, nikakaa juu ya gunia la viazi. Kazi yangu ni kupika kwenye harusi na matanga. Nimeajiri watu, nina magari ya kubeba sufuria, na Nakuru yenyewe siku hizi inaitwa jiji. Lakini nililia pale juu ya viazi kwa sauti, na wafanyakazi wangu wakajifanya wanaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tangu jana yake.

Nilizaliwa wapi na wazee wangu ni akina nani, hayo hayahusiani na habari hii. Mwaka ninaoutaka hapa ni mwaka wangu wa mwisho katika chuo cha biashara pale Milimani, ulioanza vizuri mwaka 2007 na kuishia Februari 2008 nikiwa mtu mwingine. Makabila sitayataja. Waliokuwepo wanajua nani alikuwa wa wapi, na asiyekuwepo akiambiwa ataanza kuchagua upande kabla sijamaliza sentensi. Kila Mkenya nitamwita kwa jina la ubatizo. Itoshe kusema kwamba Japheth mpishi alikuwa wa upande mmoja, na mimi, pamoja na wengi wa wanafunzi waliokwama chuoni, tulikuwa wa upande wa pili.

Chuo kilikuwa na wanafunzi wa Uganda, Tanzania, Rwanda na kusini mwa Sudan, na kilijivunia jambo hilo kuliko mitihani yake. Ujasiriamali tulifundishwa na Sir Gurdev, mzee wa Kisikh aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuja alasiri, vumbi la saruji likiwa bado kwenye mikono ya shati. Siku ya kwanza alituambia tusimame sote. Anayetaka kuwa na biashara yake akae upande wa madirisha. Anayetaka kusimamia biashara ya mwingine akae upande wa ukuta. Wakenya tulikimbilia madirishani kama vile kuna kitu kinagawiwa. Watanzania wengi walikwenda ukutani kwa utulivu, wakiongozwa na Elibariki wa Moshi, aliyetaka kusimamia chama cha ushirika cha kahawa na akasema hivyo bila kuona haya. Waganda waligawanyika. Nilishangaa kumwona Sanyu, msichana mwenye akili kuliko sisi wote, akienda kukaa ukutani.

"Wewe unataka kuandikwa kazi maisha yako yote?" nilimuuliza tulipotoka.

"Nataka hoteli ya mtu," alisema, "niisimamie mpaka mwenyewe akilala usiku aote jina langu."

Nilimcheka. Mimi niliamini meneja ni mtu aliyeshindwa kupata mtaji, na hata leo, nikiwa nimechoka, bado naamini kidogo. Sir Gurdev alitusikia, akasema jambo ambalo halikuniingia siku ile: mwenye duka si yule aliyeandikwa jina juu ya mlango, ni yule atakayeufungua siku kila mtu anaogopa. Nilidhani anajisifu. Wahindi wa mjini walikuwa na sifa ya kufungua duka hata mvua ya mawe ikinyesha, na sisi tulikuwa na mzaha wetu kuhusu hilo.

Katikati ya mwaka chuo kilitangaza kwamba kantini itapewa wanafunzi waiendeshe, kwa sharti moja: wawe wawili kutoka nchi mbili. Nilimfuata Sanyu siku hiyo hiyo. Mimi ningekuwa mwenye mali, yeye angekuwa meneja, na ubishi wetu ungepata pa kukaa. Tulishinda kwa sababu ya chapati ya Sanyu, ile inayokunjwa na mayai na nyanya ndani, ambayo kwao inauzwa kila kona ya barabara na Nakuru ilikuwa bado ngeni. Wakuu wa chuo walikula mbele yetu, wakaongezewa, wakajifuta midomo, wakatupa funguo.

Pamoja na funguo tulirithi chumba na mtu. Chumba kilikuwa na paa la mabati lililoiva kwa moshi, dirisha la waya, na meza ndefu yenye alama za visu vya watu wengi. Mtu alikuwa Japheth, mwenye umri wa baba yangu, mrefu, mwenye aproni nyeupe aliyoifua mwenyewe kila jioni na kuianika mbali na moshi. Alituita bosi sote wawili na alitutania bila huruma. "Bosi, umekuja kuamuru maji yachemke?" aliniuliza siku niliposimama karibu naye na saa mkononi. Chapati ya Sanyu aliijua kwa siku moja, kisha akaitia majani ya dania na kumwambia mwenyewe kwamba Waganda wamekuwa wakila kitu ambacho hakijaisha kupikwa. Sanyu alikasirika, akaonja, akachukua ya pili. Tangu hapo walipikia pamoja asubuhi, yeye na Kiswahili chake kilichovunjika, Japheth na subira yake, na mimi nikihangaika na wauza mboga nje. Nilikuwa na furaha. Sikujua kwamba naitumia yote kwa mpigo.

Krismasi ilipita, kura ikapigwa, na baada ya kutangazwa mshindi nchi ikatuunguza mikononi kama chungu cha moto. Barabara ya Eldoret ilifungwa kwa mawe na magogo. Wanafunzi waliokuwa wameenda nyumbani hawakurudi, na waliobaki hawakuweza kwenda. Waganda na Wanyarwanda wangepitaje Burnt Forest, kwenye barabara hiyo hiyo, palipochomwa nyumba? Na Mkenya ambaye njia ya kwao ilipita kwa wale wasio wa upande wake alibaki kitandani akisikiliza redio. Mkuu wa chuo alikuja na gari la polisi, akatuambia kantini isifungwe, akaondoka na gari lile lile. Japheth hakuweza kwenda nyumbani pia. Chumba alichopanga mtaani kilikuwa kimevunjwa na mke wake alikuwa ametorokea Kitale kwa dada yake. Tulimtandikia stoo, kati ya magunia ya maharagwe.

Mambo yalianza nyuma ya tangi la maji, mahali wasichana walipofulia nguo. Nilikuwa upande huu nikijaza ndoo, wao upande ule.

"Mchuzi ya jana ilikuwa na uchungu," mmoja alisema.

"Ilikuwa chumvi mingi."

"Chumvi haina uchungu."

Nilisikia nguo zikikamuliwa. Ndoo ilijaa ikamwagika miguuni mwangu na sikulifunga bomba, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kinachosemwa, na nilijua hakitasimama hapo.

Mchana wa siku hiyo Dan alikuja. Dan alikuwa kiongozi wa wanafunzi, wa upande wangu, kijana mpole aliyekaa madirishani kama mimi. Kwao, karibu na Molo, nyumba ilikuwa imechomwa na hakujua mama yake yuko wapi. Namtaja hivyo ili asionekane shetani. Hakuwa.

"Beti, sikia," alisema. "Si ati tuko na ubaya na wewe. Lakini huyu mzee hatumtaki jikoni. Watu wake wanachomea watu wetu huko, halafu sisi tunakaa hapa tunakula kwa mkono yake? Akitia kitu ndani, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Mimi ndio hukula wa kwanza."

"Basi tukuone ukikula."

Kwetu, na kwa kina Japheth pia, mwenye nyumba hunywa kwanza. Mgeni akiletewa uji au maziwa ya mtungi, mwenyeji huchukua funda moja mbele yake ndipo ampe. Nimeona jambo hilo tangu utotoni na sikuwahi kufikiria sumu. Kwangu ilikuwa heshima, kama kumfungulia mtu mlango. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba wazee waliobuni adabu hiyo walikuwa wamekaa na majirani wanaowaogopa. Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba kitu kizuri tulichokuwa nacho pamoja na kina Japheth tulikirudisha kuwa kile kilichokuwa zamani.

Sanyu ndiye aliyeona la kufanya. "Hawa wanaogopa ukuta," alisema. "Hawaoni nini inafanyika ndani. Tutoe jiko nje." Mimi nilitaka kugombana na Dan, yeye alitaka kupanga kazi, hiyo ndiyo tofauti yetu mpaka leo. Japheth alikataa kwanza. Alisema yeye si nyani wa kutazamwa. Kisha akaingia stoo, akatoka na aproni iliyonyooka, akabeba jiko kubwa mwenyewe hadi chini ya mjakaranda mbele ya bweni.

Nadhani hakuna mpishi aliyewahi kutazamwa hivyo. Walikaa kwenye ngazi za bweni, wengine madirishani, kimya. Maji yalitekwa na mwanafunzi yeyote aliyetaka kuyateka. Japheth alinawa mikono mbele yao kila mara, akakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, akachagua maharagwe punje kwa punje kwenye ungo. Alipotaka chumvi aliishika juu, wote waione, halafu akaitia. Mwisho aliupindua ugali, nikapakua sahani kutoka katikati, nikala nikiwa nimesimama. Hawakuangalia sahani, waliangalia koo langu. Nilimeza na nikasikia mwenyewe jinsi ninavyomeza. Sanyu alifuata, akilalamika kwamba posho ya Kenya, ndivyo wanavyouita ugali kwao, ni ngumu kama tofali. Bado hakuna aliyenyanyuka. Tulisubiri, ugali ukitoa mvuke, Japheth akitazama ardhi. Mwishowe Elibariki alishuka ngazini na sahani yake. "Samahanini jamani," alisema, "mimi njaa inaniuma." Wakamfuata mmoja mmoja. Dan alikuja wa mwisho, akala akiwa amempa Japheth mgongo.

Tukaendelea hivyo, kila mlo. Nilianza kuamini tumeshinda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilikuwa nikimwambia Sanyu kwamba methali hiyo walimtungia yeye. Kuna siku msichana mmoja wa tangini alimwambia Japheth asante, akashtuka mwenyewe kwa kulisema. Halafu mwisho wa Januari mji wenyewe ukawaka. Moshi ulipanda upande wa Kaptembwo, kisha upande mwingine, kisha ukawa mmoja. Helikopta ilipita juu ya mjakaranda na kumwaga majani kwenye sufuria. Kila simu iliyoingia bwenini ilikuwa na jina la mtu aliyekufa au asiyeonekana. Dan alipata habari za mama yake. Alikuwa hai, miongoni mwa wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho, na panga lilikuwa limempita mkononi. Alizunguka uani akiwa na simu sikioni muda mrefu baada ya mazungumzo kwisha.

Siku hiyo hiyo Elibariki akaanza kutapika.

Walikuja mchana, wakati wa kupakua. Walikuwa wengi, na baadhi hawakuwa wanafunzi. Dan alikuwa mbele na macho mekundu. "Tuliwaambia," alisema, na sauti yake haikuwa ya kelele. Afadhali angepiga kelele. Nilisimama mbele ya Japheth. Mimi ni mfupi, nilimfika kifuani. Sijui nilidhani namkinga nini. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba meno yangu yaligongana, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikujali kama wanayasikia.

Ndipo Elibariki akatokea mlangoni mwa bweni, amejifunga shuka, ameshika ukuta. Alisema kwa adabu ile ile ya kwao, akipumua kati ya maneno, kwamba si mzee aliyemuumiza tumbo. Alikuwa ameficha githeri ya mahindi na maharagwe kwenye kopo chini ya kitanda tangu wiki iliyopita kwa kuogopa chakula kitakwisha, na usiku njaa ikamshinda akaila ikiwa imechacha. "Kopo liko pale, nendeni mkanuse," alisema.

"Wewe ni mgeni," Dan alimjibu. "Hii vita yetu huijui."

"Lakini tumbo ni langu, Dan."

Mtu mmoja alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichovunja kitu. Mguu ukatoka mahali fulani ukaipiga sufuria. Maharagwe yalimwagika kwenye vumbi, yakatoa mvuke. Hakuna aliyesogea. Ilikuwa ile dakika ambayo mtu mmoja akiokota jiwe wote wataokota. Sanyu akachutama. Akaishika sufuria iliyolala ubavu, akachota kwa mkono yale yaliyobaki ndani, akala. Yalikuwa ya moto, niliona machozi yakimtoka. Alitafuna polepole akiwatazama, akachota tena, akala tena, kama mtu aliye peke yake kwao. Walimtazama mpaka ikawa aibu kutazama. Wale waliokuja kutoka nje ya chuo waliondoka kwanza. Dan akawafuata. Hakuna aliyeomba msamaha, si siku hiyo wala baadaye, na Dan tunakutana hadi leo. Ana malori yanayovuka mpaka na hunipa salamu za heshima.

Kesho yake ubalozi wa Uganda ulikuwa umepata basi litakalosindikizwa na polisi hadi mpakani. Sanyu aliniambia akiwa anafunga begi. "Naenda na Japheth. Mjomba anajua mwenye gesti Mbale, wanataka meneja. Nimewaambia nakuja na mpishi."

"Huyo ni mpishi wangu," nilisema.

"Hapa hawezi kupika, Beti."

"Akienda watakuwa wameshinda! Wote hawa! Tumefanya yote haya ili nini?"

"Yeye si mechi," Sanyu alisema.

Nilimwita msaliti. Nilimwambia meneja ni meneja tu, akiona moto anabeba kilicho chake anaacha mwenye duka ndani. Yote hayo niliyasema nikijua ana haki, nikamfuata Japheth stoo nikitumaini kwamba yeye atakataa. Alikuwa amekaa juu ya gunia la maharagwe, mfuko wake mdogo miguuni. Nilimwambia nitasimama naye. Nilimwambia nitaonja kila sahani, ya kila mtu, hata mwaka mzima.

"Bosi," alisema, "mimi nimechoka kuonjewa." Aliisema bila hasira. "Tangu nikiwa kijana napikia watu. Mtu anakula, anasema ongeza. Hapa nikimaliza kupika, watu wanaangalia wewe kama utaanguka. Mimi pia nimeanza kuangalia."

Nilimpa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akaenda zake kwenye basi. Sanyu alinikumbatia kwa nguvu na sikumrudishia. Nilibaki getini mpaka vumbi likatua.

Adhuhuri iliyofuata niliwasha jiko peke yangu. Niliwasha ndani, chini ya yale mabati meusi, mlango nimeufunga, kwa sababu sikutaka mtu anione nikilia na kwa sababu sikuwa na nguvu ya kulibeba hadi mjakarandani. Sikuwahi kupikia watu wengi namna ile. Moto ulinishinda, kabeji ikaungua chini ikabaki mbichi juu, na ugali ulikuwa na madonge ya unga mkavu. Nilisukuma sufuria hadi mlangoni, nikafungua, nikawakuta wamekwisha panga foleni. Nilipakua. Walichukua, wakakaa, wakala. Walikula lile dude lote, madonge na yaliyoungua, wakizungumza, mtu mmoja hata akacheka kitu. Hakuna aliyeuliza maji yametoka wapi. Nilisimama mlangoni na upawa mkononi nikingoja yeyote, hata mmoja, aniambie nile kwanza. Dan alirudi na sahani tupu, akainyoosha mbele yangu, akasema, "Ongeza."